Sungura Mgeni Nyumbani: Ale Nini, na Kiasi Gani

Kila unapokaribia mwezi wa sita, mikataba inapomalizika na watu wanapofunga mizigo, huanza matangazo ya kugawa wanyama. Paka, kasuku, na siku hizi sungura. Jamaa anarudi kwao na mnyama hawezi kumchukua. Watoto wa jirani wanamwona, wanalia kidogo, na jioni hiyo hiyo sungura amehamia kwenu pamoja na kizimba chake, bakuli moja na nusu mfuko wa chakula ambacho hakuna ajuaye kilinunuliwa lini. Katika jengo tunaloishi hapa Maskati nimeshuhudia sungura watatu wakiingia kwa njia hiyo. Mmoja hakumaliza wiki mbili. Hakuliwa na paka wala hakuanguka rosheni. Aliuliwa kwa ukarimu: mkate asubuhi, wali mchana, tende na ndizi mbivu kila mtoto alipopita. Tumbo likasimama, mnyama akajikunyata pembeni, na wenyewe wakadhani amelala.

Sungura wa tatu ni wa mjukuu wangu. Kwa kuwa wazazi wake wako kazini na yeye yuko shule, na mimi mstaafu ndiye ninayeshinda nyumbani, kulisha kumeniangukia mimi. Nilikuwa karani miaka mingi, na karani akipewa kazi hufungua daftari. Haya ninayoyaandika yametoka katika daftari hilo, katika mazungumzo na daktari wa wanyama, na katika kusoma.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Sisi Waswahili tuna jina moja, sungura, na tunalitumia kwa viumbe wawili. Yule mjanja wa hadithi za bibi zetu, anayemdanganya fisi na kumkimbia simba, ni mnyama wa mwituni mwenye miguu mirefu. Hachimbi shimo, na wanawe huzaliwa na manyoya na macho wazi. Jangwani hapa Oman pia wapo wa namna hiyo. Huyu wa kizimbani ni mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno, anaishi mashimoni, na wanawe huzaliwa uchi na vipofu. Huko kwao alizoea kutafuna majani makavu na magumu, yasiyo na utamu, tena kwa saa nyingi za usiku na mchana. Mwili wake wote umejengwa kwa chakula hicho kikavu. Ukimpa chakula cha anasa, mashine inaharibika.

Mashine hiyo ina sehemu mbili za kuangalia, meno na tumbo.

Meno ya sungura hayaachi kukua mpaka siku anapokufa. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 au zaidi kila wiki, na magego nayo yanakua. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna majani yenye nyuzinyuzi. Sungura anayekula chakula laini hamalizi meno. Magego huota ncha kali zinazokata ulimi na shavu, mnyama anaanza kudondosha mate kidevuni, anasogelea bakuli na kuondoka bila kula. Watu husema amekuwa mteuzi, kumbe anaumwa.

Tumbo ni ajabu zaidi. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia lazima kipite chote. Mwisho wa utumbo mwembamba upo mfuko mkubwa ambamo vijidudu vyema huchachua majani. Nyuzinyuzi ngumu ndizo zinazousukuma utumbo uende, na zile laini huingia katika mfuko huo. Baada ya saa kadhaa hutoka kinyesi cha namna ya pili, laini, cheusi, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu, na sungura hukila palepale kinapotoka. Mkimwona msishtuke na msimkataze. Humo mna protini na vitamini alizozitengeneza mwenyewe. Mkikuta kinyesi hicho kimejaa kizimbani hakikuliwa, hapo ndipo pa kujiuliza, maana mara nyingi ni dalili kwamba anapewa vitamu au vidonge vya chakula kupita kiasi, ama amenenepa hata hawezi kujipinda.

Basi chakula chake. Zaidi ya sehemu nane katika kila kumi kiwe ni majani makavu ya nyasi, yawepo mbele yake usiku na mchana. Kwa siku moja mpe rundo linalolingana na mwili wake, na likipungua ongeza. Hayo hayapimwi. Sungura hanenepi kwa majani makavu ya nyasi, na hakuna siku utakayosema amezidisha.

Hapa Ghuba ndipo tunapokosea, na sababu yake ni ya kwetu hasa. Ukimwambia mtu wa Oman "majani ya mifugo" atakuletea qatt, lile jani la kijani lenye vijani vitatu vitatu linalouzwa kwa mafungu kando ya barabara kwa ajili ya mbuzi. Watu wa Dubai na Kuwait huliita jat. Ni chakula kizuri sana kwa mbuzi anayenyonyesha. Lakini qatt si nyasi. Ni jamii moja na kunde, na ina protini nyingi na kalsiamu nyingi. Mwili wa sungura huifyonza kalsiamu ya chakula bila kipimo, kisha huitoa ya ziada kwa njia ya mkojo. Mkojo unakuwa mzito mweupe kama chokaa iliyokorogwa, na baada ya muda kibofu kinaweza kufanya mchanga au mawe. Kwa sungura mdogo anayekua, mpaka kufikia miezi sita hivi, qatt kavu inafaa. Baada ya hapo punguza kidogo kidogo, na mtu mzima abaki na nyasi tu.

Nyasi zipi? Madukani ya wanyama huuzwa nyasi inayoitwa timothi. Ni nyasi ya nchi za baridi, huja kwa meli, na bei yake hukumbusha hivyo. Ukiweza, nunua. Usipoweza, usihuzunike, kwa maana ipo nyasi ya Rhodes, inayolimwa Batina na sehemu nyingine za Ghuba kwa ajili ya ng'ombe na ngamia. Nyasi hii ni ya kwetu Afrika. Jina la Cecil Rhodes lilikuja baadaye tu, kama yalivyokuja majina mengine mengi. Ikikatwa ingali na rangi ya kijani na kukaushwa vizuri, inamfaa sungura sawasawa. Fungu moja kubwa la sokoni linatosha wiki nyingi. Lichague kwa pua: liwe na harufu ya majani, lisiwe na harufu ya uvundo, lisiwe na vumbi la kukufanya upige chafya, wala madoa meusi au meupe ya ukungu. Lihifadhi ndani ya gunia linalopitisha hewa. Mfuko wa nailoni katika unyevu wa mwezi wa saba huotesha ukungu kwa siku chache. Na usichanganye nyasi kavu na tibin, yaani mabua ya ngano. Tibin inafaa kulalia, si kulisha.

Nilisoma shule ya misheni, na nyuma ya jiko la mapadri palikuwa na mabanda ya sungura. Kila alasiri darasa moja lilitumwa kukata majani. Nimesikia wazee wenzangu wakisema, "Sisi tulifuga sungura kwa maganda ya viazi na kabichi, na walinona." Ni kweli walinona. Lakini sungura wale walikuwa wa chungu. Walichinjwa kabla ya mwaka, na hakuna aliyengoja kuona figo zao zikiwa na umri wa miaka minane. Sungura wa nyumbani akitunzwa huishi miaka minane hadi kumi, pengine na zaidi. Tunapomlisha huyu tuhesabu miaka hiyo, maana mtoto wa darasa la tatu anayempokea leo atakuwa anamaliza skuli sungura akiwa bado hai.

Hilo linanileta kwenye vile vidonge vidogo vya chakula vilivyoshindiliwa. Katika maduka ya kilimo baadhi ya mifuko hutengenezwa kwa wafugaji wa nyama, ili mnyama anenepe upesi. Soma maandishi ya mfuko hata kama ni madogo. Vaa miwani. Nyuzinyuzi ziwe asilimia 18 au zaidi, na kiungo cha kwanza kiwe nyasi. Kama mfuko una mbegu za alizeti, mahindi, njegere zilizokaushwa na vipande vya rangi rangi, huo uacheni dukani. Sungura huchagua vile vitamu na kuacha vilivyobaki, na wewe unaona bakuli limeliwa nusu ukadhani ameshiba. Vilivyo vizuri pima kwa mizani ya jikoni: gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku, isizidi. Sungura wa kilo mbili hapiti gramu 50. Ukivitia katika kikombe cha kahawa utaona ni kidogo, na watoto watasema babu mchoyo. Waache waseme.

Mboga za majani ndizo furaha yake, na hapa Ghuba tuna bahati, kwa sababu mafungu yanayouzwa sokoni karibu na samaki ni karamu ya sungura: kotmiri, nanaa, jirjir, shibithi, bakdunis, majani ya figili, rihani. Ongeza na ile saladi ya majani marefu ya kijani. Saladi ya duara iliyo nyeupe ni maji matupu, haina faida. Kwa sungura mzima, kikombe kimoja cha majani kwa kila kilo ya mwili kwa siku kinatosha, na ni bora kuchanganya aina tatu kuliko kumpa moja kila siku. Bakdunis na spinachi msizidishe, ile ya kwanza kwa kalsiamu yake, ya pili kwa asidi yake. Mara moja au mbili kwa wiki, kidogo, si neno. Kabichi huwajaza gesi baadhi yao. Osha kila kitu kwa maji mengi, maana dawa za shambani zisizotudhuru sisi zinaweza kumdhuru kiumbe wa kilo mbili. Ukimpa yakiwa bado na matone ya maji ni vizuri zaidi, hasa siku za joto.

Karoti sasa. Sungura wa katuni wa Kimarekani amewasadikisha watoto wa dunia nzima kuwa karoti ndiyo chakula chake. Majani ya karoti ni mazuri. Mzizi wenyewe una sukari, kwa hiyo ni peremende. Kipande chembamba kama sarafu, mara mbili kwa wiki. Matunda ni vivyo hivyo: kijiko kimoja cha chai cha tofaha lisilo na mbegu, au papai, kwa kila kilo, si kila siku. Na tende? Najua nagusa jambo zito, maana kwetu mgeni kuingia asile tende ni aibu. Lakini sehemu kubwa ya tende ni sukari, na sukari hiyo ikifika katika ule mfuko wa vijidudu, wabaya wanakua na wazuri wanakufa. Mgeni huyu tumsamehe tende. Mkate, wali, biskuti, halua, mandazi na chakleti vyote katika orodha hiyo hiyo, na chakleti ni sumu hasa.

Sumu nyingine za kuziweka mbali ni hizi: parachichi, yaani embe mafuta, pamoja na majani yake, vitunguu vya kila aina, majani ya viazi ulaya na ya nyanya. Ukimtoa nje ya nyumba, jihadhari na difla, ule mti wa maua ya waridi na meupe uliopandwa kando ya barabara na bustani za Ghuba nzima. Kila sehemu yake ni sumu, kwa sungura na kwa mtoto pia. Waridi la jangwani linalofugwa katika vyungu nalo ni hatari. Msiokote majani ya bustani za manispaa kwa kumwonea huruma, kwani hujui yamepuliziwa nini.

Maji: sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo kwa siku, ambayo ni mengi kwa mwili ule mdogo. Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa ya kuning'iniza, kwa sababu hunywa kama kiumbe, hanyonyi tone moja moja, na kijirungu cha chupa hukwama. Badilisha asubuhi na jioni. Joto likipita nyuzi 28 sungura huanza kutaabika, kwa kuwa hatoi jasho na manyoya hawezi kuyavua. Rosheni ya Maskati mwezi wa sita si mahali pake hata kivulini. Akae ndani penye kiyoyozi. Umeme ukikatika, chupa ya maji yaliyoganda ikifungwa kitambaa na kuwekwa kizimbani atailalia. Mnyama aliyeshikwa na joto huacha kula, na sungura kuacha kula ni jambo la hatari.

Nalirudia kwa sababu ndilo lililomuua yule wa jirani. Utumbo wa sungura haupumziki. Ukikosa kitu cha kusukuma unasimama, gesi inajaa, maumivu yanamzuia kula, na kutokula kunazidisha kusimama. Sungura ambaye hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa 12 apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, si baada ya Ijumaa kupita. Kila asubuhi hesabu kwa macho: vijidonge vya kinyesi viwe vingi, vya mviringo, vikavu, ukubwa wa dengu, na ukivivunja uone majani ndani. Vikiwa vidogo, vyeusi, vimeunganishwa kwa manyoya kama tasbihi, ongeza nyasi na maji na umwangalie kwa karibu. Mkojo mwekundu au wa rangi ya machungwa mara nyingi ni rangi ya mboga tu. Lakini ukiwa na madonge ya damu, au akijikakamua anapokojoa, hilo ni la daktari.

Na tafadhali, msimpe dawa zilizobaki katika friji. Amoksilini ya maji, ile ya waridi inayotolewa kwa watoto wenye homa ya koo, ikinyweshwa sungura huua vijidudu vya tumboni mwake na inaweza kumuua yeye mwenyewe. Mnapokwenda kwa daktari, ulizeni kwa simu kabla: "Mnatibu sungura?" Kliniki nyingi zimezoea paka na mbwa, wengine ngamia na mwewe, na ni afadhali kujua mlango wa kugonga kabla ya siku ya kuuhitaji.

Akiingia siku ya kwanza, msibadilishe kitu chochote ghafla, hata kama alichokuwa akila ni kibaya. Mwulizeni aliyemtoa: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na chukueni masalio ya mfuko. Mwekeeni nyasi kavu tele na maji, kisha mwacheni atulie. Kile chakula cha zamani endeleeni nacho, mkipunguza sehemu ndogo kila siku na kuongeza kipya mahali pake, kwa siku 10 hadi 14. Mboga kama hajawahi kula, anzeni na aina moja, kipande kidogo kama kiganja cha mtoto, mngojee siku mbili muone kinyesi, ndipo mwongeze ya pili. Mdogo aliyeachishwa ziwa karibuni aende polepole zaidi, na sokoni wengi huuzwa kabla hawajatimia wiki nane, kwa hiyo ulizeni umri na msiamini jibu la haraka. Asipogusa nyasi siku za mwanzo, zitieni juu ya sanduku lake la choo, kwani hupenda kutafuna akiwa amekaa hapo. Ukichanganya kotmiri kidogo katikati ataichimbua na kula nyasi njiani. Huyu wetu alifika akijua mbegu za alizeti tu. Ilimchukua siku tisa. Daftari linaonyesha siku ya nne alikasirika na kulipindua bakuli.

Mpimeni uzito kila wiki, siku ile ile, mumwandike. Kwa sungura aliyekwisha kukua, gramu 100 zikipungua au kuongezeka si kitu cha kupuuza katika mwili wa kilo mbili. Pitisha mkono mgongoni: mifupa ya mbavu uiguse kwa urahisi, lakini isichome.

Limebaki la likizo. Skuli zikifungwa wengi wetu tunakwenda Unguja na Mombasa, mwezi mzima au miwili, na sungura hawezi kuachiwa bakuli kubwa la chakula kama samaki wa kisanduku. Mtafuteni mtu mapema, aje mara mbili kwa siku au ahame naye. Mwachieni karatasi moja ukutani: nyasi zisikosekane, vidonge gramu kadhaa kwa mizani, mboga hizi na si nyingine, maji asubuhi na jioni, kiyoyozi kisizimwe, simu ya daktari, na chini yake kwa herufi kubwa, ASIPOKULA TANGU ASUBUHI HADI JIONI PIGA SIMU. Nasi tumeandika kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwa kuwa mlinzi wetu wa jengo anasoma Kiingereza na mkewe Kiarabu, na hatujui jioni hiyo atakayekuwa zamu ni nani.